Kofia ya Saa Ishirini na Tatu

Mwanangu wa kwanza alizaliwa Houston, katika jimbo la Texas, Februari 2017. Siku tuliporuhusiwa kutoka hospitali, muuguzi alirudia agizo moja mpaka akahakikisha mimi na mume wangu tumelishika: mtoto alale chali, usiku na mchana, kwenye godoro gumu lisilo na mto wala blanketi. Agizo hilo lina historia. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilianza mwaka 1992 kushauri watoto wasilazwe kifudifudi, na mwaka 1994 ushauri huo ukawa kampeni ya taifa zima, kwa sababu watoto waliolazwa kifudifudi walikuwa wakikutwa wamekufa usingizini bila sababu kujulikana. Baada ya hapo vifo hivyo vilipungua kwa zaidi ya nusu. Katika yote nitakayoyaeleza hapa, naomba msomaji asije akadhani ninalipinga agizo lile. Kulala chali kunaokoa roho za watoto.

Lakini fuvu la mtoto mchanga ni laini. Mifupa yake haijaungana. Kati ya mfupa na mfupa kuna mishono iliyo wazi ili ubongo upate nafasi ya kukua, na juu kuna utosi unaodunda. Mtoto akilala chali huku kichwa kimegeukia upande uleule siku zote, kisogo hubonyea upande huo. Tangu kampeni ile ianze, watoto wenye kisogo bapa wameongezeka sana Marekani. Madaktari huiita hali hiyo plajiosefali. Wengi hunyooka kwa kugeuzwa tu na kubebwa. Wachache huvishwa helmeti, na mwanangu alikuwa miongoni mwao.

Aliyeliona jambo mapema kuliko sote ni mama yangu, aliyekuja kutoka Tanga kunitunza katika arobaini yangu. Kila asubuhi alimwogesha mjukuu wake, kiganja cha kushoto kikibeba kichwa na mkono wa kulia ukifanya kazi. Siku moja akaniita.

"Mwanangu, hebu njoo. Huyu mume wangu anatazama dirishani tu. Nikimgeuzia huku, anarudi kulekule. Shingo yake ina jambo."

Nikachukua kichezeo kinacholia nikakitikisa upande wa kushoto wa mtoto. Macho yalikuja mpaka mwisho wa jicho, shingo ikabaki pale pale. Mama akanishika mkono, akapitisha vidole vyangu juu ya kisogo. Upande wa kulia ulikuwa bapa; wa kushoto ulikuwa wa mviringo kama inavyotakiwa.

Kwa desturi ya kwao, mama angemkanda kichwa kwa mafuta ya nazi mpaka akiweke sawa. Tulikubaliana asubiri kliniki ya miezi miwili, nayo haikuwa mbali. Daktari alimsimamia mtoto kwa juu, akamtazama kichwani kama mtu anayesoma ramani. Sikio la kulia lilikuwa limesogea mbele kuliko la kushoto, na paji la uso upande wa kulia nalo limetokeza. Kichwa kikitazamwa kwa juu kilikuwa na umbo la msambamba. Daktari alifurahi kuliona umbo hilo, akatueleza kwa nini: mishono ya fuvu ikifunga kabla ya wakati, kichwa huchukua maumbo mengine, na dawa yake ni upasuaji, si helmeti peke yake. Akaipapasa mishono mmoja mmoja, akaridhika kwamba iko wazi. Kisha akaipapasa shingo, na hapo akalipata chimbuko. Msuli wa kushoto, unaotoka nyuma ya sikio kuja kwenye mtulinga, ulikuwa umekaza. Ndiyo maana kichwa kiliinamia kushoto na uso ukageukia kulia. Inawezekana kabisa, alisema, kwamba mtoto alikaa hivyo tumboni katika wiki za mwisho, pakiwa hapatoshi. Hakuna alichokifanya mama mzazi wala bibi.

Maneno yale ya mwisho nilimtafsiria mama kwa makusudi, naye akashusha pumzi. Kuhusu kukanda, daktari alisema mafuta mwilini ni mazuri, lakini fuvu lisibonyezwe. Kuhusu mto wenye shimo katikati ambao rafiki mmoja alikuwa ametuletea, alisema usikanyage kitandani mwa mtoto, kwa sababu mto unaweza kumziba pumzi.

Tukaanza fiziotherapia. Dada aliyetufundisha alituonyesha namna ya kumlaza mtoto mapajani, kushika bega moja lisiinuke, na kukigeuza kichwa taratibu mpaka kidevu kielekee bega la kushoto, kisha kuhesabu na kuachia. Alitufundisha kumlaza kifudifudi akiwa macho, tena mara nyingi kwa siku, mtu mzima akiwa mbele yake. Alitwambia tugeuze kitanda ili dirisha na mlango viwe upande ule asiotaka kuutazama. Na alipouliza kama tunapenda kumbeba, mama alielewa swali kabla sijatafsiri, akaifungua khanga yake pale pale kumwonyesha mbeleko.

Hapo ndipo nilipoona tofauti ya malezi ya Tanga na ya Houston. Tanga mtoto hana muda mrefu wa kulala kwenye kitu kigumu akiwa macho. Yuko kifuani kwa mama, kisha kwa shangazi, kisha kwa jirani, na shingo ikishapata nguvu yuko mgongoni. Houston mchana kutwa nilikuwa mimi na mtoto. Akitoka kitandani anaingia kwenye kiti cha gari, akitoka kwenye kiti cha gari anaingia kwenye kiti cha kubembea, na vyote vitatu vinamgusa kisogoni. Mama aliporudi nyumbani mwezi wa Aprili aliniachia khanga zake mbili na agizo: mtoto akiwa macho, awe mwilini mwa mtu. Tulilifuata mimi na mume wangu mpaka migongo ikauma.

Shingo ilinyooka. Kufikia mwezi wa Juni alikuwa anageuka huku na huku, anamfuata baba yake kwa macho chumba kizima. Kichwa kilipungua ubapa kidogo, kisha kikasimama. Tukapelekwa kupimwa. Walimvisha kofia nyembamba ya soksi, mashine ikammulika kwa mwanga, na picha ya kichwa chake ikatokea kwenye kioo cha kompyuta. Wanachopima ni mistari miwili ya mshazari inayokatiza kichwa kutoka paji hadi kisogo upande wa pili, kisha wanatazama mmoja unauzidi mwingine kwa asilimia ngapi. Chini ya 3.5 ni kawaida. Kati ya hapo na 6.25 ni hali nyepesi, hadi 8.75 ni ya wastani, na kuzidi hapo ni kali. Mwanangu alikuwa mwishoni mwa wastani, anaugusa ukali.

Daktari alituweka chini, akatupa ukweli wote, na kwa hilo namshukuru hadi leo. Alisema helmeti za aina hii zilielezwa kwa mara ya kwanza na daktari Sterling Clarren na wenzake mwaka 1979, na tangu 1998 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani imekuwa ikiziidhinisha. Lakini akasema pia kwamba mwaka 2014 ulitolewa utafiti wa Uholanzi uliohusisha watoto 84: nusu walivishwa helmeti, nusu waliachwa wakue wenyewe, na walipofika miaka miwili makundi yote mawili yalikaribiana, takriban robo ya kila kundi wakiwa wamepona kabisa. Nikamuuliza, sasa kwa nini tuhangaike? Akajibu kwamba utafiti ule haukuwachukua watoto wenye shingo iliyokaza wala wale walioathirika sana, na mwanangu alikuwa na shingo hiyo na anakaribia kundi hilo. Mwongozo wa madaktari wa upasuaji wa ubongo wa Marekani, uliotolewa mwaka 2016, uliipendekeza helmeti kwa watoto wa namna hiyo pale ambapo kugeuzwa na mazoezi havikutosha. Akasema ubongo wa mtoto hauna tatizo, na mkiamua kuacha hamtakuwa wazazi wabaya. Uamuzi ni wenu, ila msichelewe kuamua.

Alitueleza sababu ya haraka hiyo. Kichwa cha mtoto hukua sentimita mbili hivi kwa mwezi katika miezi mitatu ya kwanza, sentimita moja kwa mwezi hadi miezi sita, kisha nusu sentimita tu kwa mwezi hadi mwaka. Helmeti haina nguvu yake yenyewe. Inautumia ukuaji wa mtoto. Mtoto wa miezi mitano ana ukuaji wa kutosha, wa mwaka mmoja amebakiwa na kidogo.

Bima ilikataa. Barua ilisema helmeti ni kitu cha urembo. Huko Marekani wakati ule vifaa hivi viliuzwa kuanzia dola 1,000 hadi zaidi ya 3,000. Tulikata rufaa kwa barua ya daktari, vipimo na kumbukumbu za fiziotherapia, na wakati rufaa ikisubiri tulilipa awamu ya kwanza kwa akiba yetu na mchango wa Watanzania wenzetu. Ndugu hawa walichanga bila kuuliza kisogo bapa ni ugonjwa gani. Miezi kadhaa baadaye bima ilikubali kulipa sehemu. Lau tungeisubiri, msimu wa kukua ungekuwa umetupita.

Helmeti ilikuwa tayari mwezi wa Julai. Kwa nje ni plastiki ngumu, kwa ndani povu, upande mmoja umekatwa na kufungwa kwa mkanda wa kunata. Ni nyepesi, gramu 200 hivi. Fundi aliyeitengeneza aliigeuza akatuonyesha ndani. Pale ambapo kichwa kimetokeza, povu linagusa ngozi sawasawa. Pale penye ubapa ameacha uwazi. "Haibonyezi kitu," alisema. "Inakizuia kichwa kisizidi kwenda kilikokwenda, na inakiachia nafasi ya kujaa kule kilikokosa." Ni kazi ya mfereji shambani: huyasukumi maji, unayaonyesha njia. Nilipolielewa hilo, masharti yote yaliyofuata yalikuwa na maana. Kila saa ambayo kofia imevuliwa ni saa ambayo kichwa kinakua bila mwelekeo, na mtoto aliyelala anaurudia ubapa wake.

Sharti kuu lilikuwa muda wa saa 23 kwa siku. Lakini haianzi hivyo. Ratiba tuliyopewa tuliibandika mlangoni mwa friji. Siku ya kwanza avae saa nzima, apumzike saa nzima, na asilale nayo. Siku ya pili avae saa mbili mfululizo kabla ya kupumzika. Siku ya tatu saa nne, pamoja na usingizi wa mchana. Siku ya nne saa nane. Siku ya tano alale nayo usiku, na kuanzia hapo ibaki kichwani, isipokuwa saa moja ya kuoga. Kila inapovuliwa, ngozi itazamwe. Wekundu unaofifia ndani ya saa moja ni wa kawaida. Wekundu unaozidi hapo, au ngozi iliyochubuka au kuvimba, kofia isirudi kichwani mpaka fundi aone.

Mara ya kwanza alinyamaza. Alitoa macho, akapeleka mkono kichwani, akagonga plastiki, akasikia mlio ambao hajawahi kuusikia. Kisha akaanza kutikisa kichwa, na baada ya kutikisa akalia. Nilitaka kuivua. Mume wangu akamchukua akatoka naye barazani, akamwonyesha magari, na kilio kikaisha kabla ya saa kwisha. Siku zile tulijifunza mambo yaliyotusaidia kuliko kichezeo chochote. Tulimvisha akiwa ameshiba na amelala vizuri, kamwe si wakati ana njaa. Tulimvisha mahali pamoja, kwenye mkeka wa sebuleni, kwa maneno yale yale: bismillahi, kofia yetu hii. Aliyemvisha hakuonyesha huzuni usoni, maana mtoto husoma uso wa mama yake kabla ya yote. Mara tu mkanda ulipofungwa tulimwinua tukamwendea kitu anachokipenda, maji ya bomba au kioo cha kabati. Na baba yake alianza kuvaa kofia yake ya viua kila arudipo kazini, wakakaa wawili wamevaa kofia, wanatazamana.

Kunyonya kulihitaji utaratibu mpya. Ukingo wa plastiki ulinichoma mkononi, nami nikawa na wasiwasi, na wasiwasi ule ukamfikia. Nilikunja khanga ya mama mara nne nikaiweka kwenye kiwiko, na usiku nikawa namnyonyesha ubavuni, miguu yake ikielekea nyuma yangu. Akanyonya kama zamani.

Usiku wa kwanza sikulala mimi. Kila alipojigeuza, plastiki iligonga fito za kitanda, nami nikainuka. Yeye hakuamka zaidi ya kawaida yake. Wiki ilipokwisha, alikuwa anafungua mikono anaponiona nimeishika, anaingia ndani yake kama mtoto anayevishwa shati. Niliwahi kudhani kwamba kazi kubwa itakuwa kumzoesha. Mazoea yalikuja haraka. Kazi iliyochukua miezi ilikuwa utunzaji.

Julai ya Houston ina joto na unyevu kama Tanga ya Februari, na mtoto hutoa sehemu kubwa ya joto lake kichwani. Siku za mwanzo jasho lilitiririka shingoni. Fundi alisema mwili utazoea, na wiki ya pili jasho likapungua kweli. Tulimvika fulana nyepesi ya pamba, safu moja tu, kiyoyozi kikawashwa hata pale tulipoogopa bili. Shingo tulimfuta mara kwa mara kwa kitambaa kikavu. Kofia tuliisafisha kila jioni kwa spiriti, ndani kote, kisha tukaiweka mbele ya feni mpaka ikauke na harufu ya spiriti iishe kabisa, kwa sababu spiriti mbichi inaunguza ngozi. Nywele zake tulizipunguza. Poda hapana. Mafuta kichwani hapana, hata ya nazi, kwa kuwa mafuta yanaziba ngozi chini ya povu na kuliharibu povu lenyewe. Mama alikuwa ametuma chupa ya mafuta aliyoyakamua mwenyewe, nami nilimhakikishia kwamba miguu na mgongo wa mjukuu wake vinayapata yote.

Niliogopa kumwonyesha mama ile kofia kwa simu. Niliigeuza kamera, akatazama kimya.

"Mume wangu mmemvika nini? Anakwenda kupanda bodaboda?"

Akacheka, kisha akainua upindo wa khanga akafuta macho. Nikamweleza kama fundi alivyonieleza, kwamba haibani, inaacha nafasi. Akaniuliza maswali ya mtu aliyelea watoto wengi: anapovuliwa, utosi unadunda? Ananyonya? Analala? Anacheka? Nikajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. "Basi mwachieni," akasema. "Mtoto anayecheka hana alichodhulumiwa."

Saa ile moja ya kuvua ilikuwa saa kumi na mbili jioni. Hakuna aliyeruhusiwa kupiga simu wala kupika. Tulimwogesha, tukamkausha, tukatazama kila alama ya ngozi kwenye mwanga wa dirisha, tukafanya mazoezi ya shingo, kisha tukamkalia kikao cha kumbusu utosini kwa zamu. Nywele zake zilikuwa na unyevu, kichwa kina moto. Miezi yote ile nilikijua kichwa cha mwanangu kuliko ninavyoujua mkono wangu, na nilianza kuuhisi upande wa kulia ukijaa kabla mashine haijausema.

Siku moja wekundu nyuma ya sikio ulikaa zaidi ya saa. Tuliiacha kofia mezani, asubuhi tukaenda kwa fundi. Akalisaga povu kidogo kwa mashine yake, akapasha ukingo moto akaukunja nje, akajaribu tena, akatwambia tukae pale tutazame. Ukafifia. Marekebisho kama hayo yalifanyika kila wiki mbili hivi, kwa sababu kichwa hukua na uwazi ulioachwa unajaa.

Nje, watu walitazama. Dukani mtu alinishika bega akanipa pole, akidhani mtoto alianguka. Wengine waliuliza kama ana kifafa. Nilizoea kujibu kwa sentensi moja, kwamba kisogo kilibonyea na kofia inakinyoosha, na ubongo wake ni mzima. Wengi walishukuru kuelezwa. Bibi mmoja msikitini alimsomea dua, kisha akampigapiga juu ya helmeti kwa upole, na mwanangu akacheka kwa mlio aliokwisha kuuzoea.

Mwisho wa Agosti kilikuja kimbunga Harvey. Kilitua pwani ya Texas usiku wa Ijumaa, Agosti 25, kikaganda karibu na Houston siku kadhaa, na baadhi ya sehemu zikapata mvua ya zaidi ya milimita 1,000. Sisi tulikuwa ghorofa ya pili, kusini-magharibi mwa mji. Barabara ikawa mto. Majirani wa chini walipanda kwetu na watoto wao, tukalala sebuleni mguu kwa kichwa. Umeme ulikatika, kiyoyozi kikazima, na miadi ya fundi iliyokuwa wiki ile ikafutwa kwa sababu jengo lake halikufikika. Kichwa cha mwanangu hakikusubiri mafuriko yaishe. Kofia ilianza kubana paji.

Fundi alipokea simu akiwa naye amezingirwa na maji nyumbani kwake. Alisema sharti ni lile lile: tazameni ngozi, hesabuni saa. Tulimmulika kwa tochi ya simu kila baada ya muda. Alama zilipokaa zaidi ya saa, tulivua tukamwacha wazi usiku ule, akalala kwenye kitanda chake, chali, nami nikikigeuza kichwa chake upande wa kushoto kila niliposhtuka. Misikiti ya Houston ilikuwa imefungua milango kuwapokea waliokimbia maji, na Iddi ya kuchinja ilitukuta hivyo, Ijumaa ya Septemba 1, watu wakiswali kwa nguo za kuazima. Kliniki ilipofunguliwa, fundi alipanua povu pale lilipobana, na mtoto akairudia ratiba yake kwa saa chache, bila kilio.

Tuliivua kofia kwa mara ya mwisho mwezi wa Oktoba. Kipimo kilikuwa kimeshuka kutoka ukingoni mwa ukali hadi katika hali nyepesi. Tofauti haikuisha yote, na hakuna aliyetuahidi kwamba itakwisha. Sikio la kulia bado liko mbele kidogo, jambo ambalo mimi na baba yake tu ndio tunaolijua, na kinyozi. Nilimwonyesha mama kisogo kwa simu. Akatazama muda mrefu, akasema, "Alhamdulillahi, sasa kanzu itakaa na kofia yake."

Nimeyaandika haya kwa ajili ya mzazi ambaye leo anapapasa kisogo cha mtoto wake akiwa na hofu. Endelea kumlaza chali, usimwekee mto. Mtazame kichwani kwa juu akiwa na mwezi mmoja, na tena akiwa na miezi miwili. Uliza shingo kabla ya kuuliza kichwa: je, anageuka pande zote mbili? Kama hageuki, mwone daktari na mtaalamu wa fiziotherapia sasa hivi, maana shingo ikinyooka mapema watoto wengi hawahitaji kofia kabisa. Akiwa macho mbebe, mlaze kifudifudi mbele yako, mpunguzie viti. Kama kichwa kina mgongo mgumu kwenye mshono, au kinakua isivyo kawaida, usikae nacho nyumbani. Hiyo ni kazi ya madaktari wa upasuaji, na kwa walioko Tanzania Taasisi ya Mifupa Muhimbili inawaona watoto wa namna hiyo. Mafundi wa viungo saidizi nao wanafundishwa nchini kwetu, katika chuo cha TATCOT pale hospitali ya KCMC, Moshi, tangu mwaka 1981.

Na ukishauriwa helmeti, pima faida na gharama kwa utulivu, kisha uamue mapema. Mtoto ataizoea kabla yako. Kazi yako itakuwa kuhesabu saa, kutazama ngozi na kuikausha kofia, kila siku bila kuruka. Miezi sita ya kwanza ndiyo yenye ukuaji mwingi, na ikishapita hakuna kofia inayoweza kuirudisha.